Uyoga wa Msitu wa Misonobari: Uchume, Uukaushe, Uuandike

Ndugu mkulima, mvua ya masika ikiisha kunyesha siku kumi hivi katika sehemu za juu, ingia kidogo katika shamba la misonobari lililo karibu na skimu yako, utazame chini. Juzi hapakuwa na kitu ila sindano kavu. Leo kuna vichwa vimeinua sindano hizo: vingine vyekundu, vingine vya kahawia vinavyonata, vingine vyeupe kama yai. Baada ya siku nne au tano vyote vitakuwa vimeoza, na mtu atakayepita hapo hatajua kama vilikuwapo.

Watu wengi wakiona uyoga huuliza jambo moja tu: Je, unalika au haulika? Swali hilo ni kubwa, nasi tutalifikia. Lakini liko swali jingine ambalo mkulima mwenye miti, au mwenye shamba lililokuwa msitu zamani, yafaa ajiulize: Uyoga huu ni wa namna gani, na unafanya kazi gani hapa? Maana kuvu moja huulisha mti wako, nyingine huuua. Na ile inayoua mti wa saipresi leo huenda ikawa jamaa ya ile itakayoua chai yako kesho.

Hapa tutakueleza jinsi ya kuchuma uyoga na kuvu za miti, kuzikausha, na kuziandika katika daftari ili ziwe na faida kwako na kwa wengine. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji kisu, karatasi, penseli na uangalifu.

MSONOBARI ULIOTUPONYOKA

Kwanza sikiliza habari ya kweli, upate kujua kwa nini tunasema habari ya daftari.

Zamani Idara ya Misitu ya Kenya ilipenda sana msonobari uitwao Pinus radiata. Asili yake ni California, Marekani. Hukua upesi, na mbao zake zina kazi nyingi. Ulipandwa kwa wingi katika nchi ya juu, na watu wakautumainia. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hapa Kenya, sindano za miti michanga zikaanza kuonyesha mikanda myekundu. Sindano zikakauka, zikaanguka, kuanzia matawi ya chini kwenda juu. Mti usio na majani hauna jiko la kupikia chakula chake. Mingine ilidumaa, mingine ikafa.

Mwuaji alikuwa kuvu ndogo sana, wala haina kofia wala mguu kama uyoga unaoujua. Ni vidoto vyeusi tu juu ya sindano. Mvua na ukungu huchukua mbegu zake, ambazo ni ndogo kuliko vumbi, na kuzipeleka kwenye sindano nyingine. Wataalamu wa Muguga walichuma sindano hizo, wakazitazama kwa darubini, wakaona kwamba ni kuvu ya namna ya Dothistroma. Walipokwisha kulijua jina, walijua pia la kufanya. Upandaji wa radiata ukasimamishwa, na mahali pake ikapandwa misaipresi na msonobari mwingine, Pinus patula, ambao huvumilia ugonjwa huo.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1967 kuvu ya Kenya iliandikwa katika vitabu vya wataalamu kwa jina lake yenyewe, keniensis, yaani ya Kenya. Mwaka 2004, kwa kupima urithi ulio ndani ya chembe zake, wataalamu walionyesha kwamba kumbe kuvu ziko mbili zinazofanana sana, na kwamba ile ya Afrika ni Dothistroma septosporum. Tangu hapo wataalamu wa nchi mbalimbali wamefungua bahasha za sindano zilizokaushwa miaka mingi nyuma, wapate kujua ni kuvu gani iliyokuwako kwanza, na ilikuwako wapi.

Fikiri jambo hilo. Mtu alikata kitawi, akakikausha, akaandika siku na mahali, akakiweka. Huenda ameshakufa, lakini bahasha yake ingali inajibu maswali ambayo yeye mwenyewe hakujua kuyauliza. Kama angekitia mfukoni bila kuandika, kingekuwa takataka tu. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MTI GANI, UYOGA GANI

Kabla ya kuchuma, tazama juu. Jina la mti ni nusu ya habari.

Chini ya misonobari utaona uyoga mwingi utokao ardhini. Sababu yake ni hii: msonobari na uyoga wake wamefunga mkataba. Nyuzi nyembamba za kuvu huizunguka mizizi midogo ya msonobari kama soksi. Kuvu huutafutia mti maji na madini katika udongo, nao mti huilipa kuvu sukari. Msonobari si mti wa asili ya nchi yetu, na kuvu zake pia ni wageni waliokuja nao. Ndiyo sababu katika vitalu vingi vya Afrika miche ya kwanza ya misonobari ilidumaa na kuwa ya manjano, mpaka watu walipochanganya udongo uliotoka chini ya misonobari mikubwa. Hapo miche ikageuka kijani na kukua. Udongo ulikuwa umebeba kuvu rafiki.

Saipresi, mtarakwa na podo hawana mkataba wa namna hiyo. Nao wana kuvu katika mizizi, lakini ni za namna nyingine, ndogo sana, ambazo hazitoi uyoga wa kofia, nazo zimo katika udongo wetu tangu zamani. Basi ukiona uyoga chini ya saipresi, kwa kawaida ni ule unaokula majani makavu na miti iliyooza, au ni ule unaokula mti wenyewe. Ukijua hivi, umeanza kusoma msitu kama mtu asomaye barua.

KUVU TATU ZA KUANGALIWA SANA

Ya kwanza ni Armillaria, kuvu ya kuozesha mizizi. Hukaa katika visiki na mizizi ya msitu wa asili uliokatwa, halafu huingia katika misonobari, misaipresi, chai, na miti ya matunda iliyopandwa hapo. Mti hunyauka bila sababu ya kuonekana, kisha jirani yake, kisha wa tatu, kama duara linalopanuka. Chimbua chini ya shina, uinue gome kwa kisu. Ukiona utando mweupe kama ngozi nyembamba kati ya gome na mti, nao unanuka uyoga, ndiyo hiyo. Uyoga wake wenyewe, wenye rangi ya asali na kuota kwa vichala, huonekana mara chache, wakati wa mvua. Kwa hiyo ukiukuta, usiupite. Ng'oa visiki na mizizi minene, uikusanye, uichome. Wakulima wa chai walijifunza tangu miaka ya 1930, huko Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, kwamba mti wa msitu ukimenywa gome kuuzunguka, ukaachwa umesimama mpaka wanga wa mizizini uishe, kisha ndipo ukakatwa, kuvu hii hukosa chakula.

Ya pili ni kuvu ya kidonda cha saipresi. Gome hupasuka na kutoa utomvu, tawi hukauka na kuwa la kahawia, na juu ya gome lililokufa kuna vidoto vyeusi. Ugonjwa huu ndio uliofanya saipresi ya namna ya Cupressus macrocarpa iachwe katika mashamba ya Serikali, ikapandwa Cupressus lusitanica. Ukikata kitawi cha kupeleka, kata pale ambapo gome bovu linakutana na gome zima, maana hapo ndipo kuvu ingali hai.

Lakini angalia, si kila saipresi ya kahawia ina kuvu. Mwaka 1990 aliingia Kenya mdudu wa saipresi, namna ya chawa wa mimea, naye alikausha misaipresi mingi. Fuko naye hula mizizi, na ukame una kazi yake. Mtu anayesema "ni ugonjwa tu" bila kutazama, huweza kununua dawa ya bure.

Ya tatu ni ya mtarakwa, iitwayo Pyrofomes demidoffii. Hutoka ubavuni mwa mti kama sikio gumu au kwato la ng'ombe. Ndani huozesha moyo wa mti na kuacha vishimo vyeupe. Mti husimama mzuri kwa nje, kumbe ndani ni mtungi. Anayetaka nguzo za ua anajua hasara yake. Sikio moja likionekana nje, ujue kazi ndani imekwisha kwenda mbali.

VIFAA NA NJIA YA KUCHUMA

Kama msitu ni wa Serikali, pitia kwanza ofisi ya misitu uombe ruhusa. Kisha chukua kikapu kipana, kisu, karatasi za gazeti, penseli, na daftari dogo. Usichukue mfuko wa plastiki. Uyoga ndani ya plastiki hutoa jasho, na kabla hujafika nyumbani umekuwa uji.

1. Kabla hujaugusa, utazame unapoota. Je, ni ardhini, katika sindano, juu ya kisiki, au juu ya mti mzima? Ni mmoja, kichala, au duara? Andika.

2. Uchimbue wote kwa kisu, pamoja na kitako chake. Usiukate juu ya ardhi. Uyoga mwingine wenye sumu kali una kifuko au kikombe kilichofichika udongoni, na ukikiacha huko umeacha alama kubwa ya kuutambua.

3. Chuma mchanga, wa katikati, na uliokomaa, wa namna ile ile. Mmoja peke yake hautoshi, maana uyoga hubadilika kama mtoto anavyobadilika kuwa mzee.

4. Funga kila namna katika karatasi yake, pamoja na kipande cha karatasi chenye nambari. Andika kwa penseli. Wino ukipata maji huenea na kupotea.

5. Kama ni ugonjwa wa sindano au wa tawi, chukua kitawi kikiwa na majani yaliyougua na mazima, ukitie katika bahasha ya karatasi. Kiasi cha kiganja kinatosha. Kisha safisha kisu na matope ya viatu kabla ya kuingia katika shamba lako. Udongo ubebao kuvu rafiki ndio huo huo ubebao adui.

NYUMBANI: ALAMA YA VUMBI NA KUKAUSHA

Fanya kazi hii siku ile ile. Uyoga haungojei.

Kwanza andika mambo yatakayopotea ukikauka: rangi ya kofia na ya mguu, harufu, kama unanata, kama ukikatwa hubadilika rangi au hutoa maziwa. Tazama chini ya kofia. Je, kuna vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, au vitundu kama sponji? Mguu una pete? Pima kwa rula upana wa kofia na urefu wa mguu.

Pili, chukua alama ya vumbi. Kata kofia moja iliyokomaa, uilaze juu ya karatasi, upande wa chini uelekee chini. Yafaa karatasi iwe nusu nyeupe na nusu nyeusi, ili vumbi la rangi yo yote lionekane. Funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Utakapoinua utakuta mbegu zimeanguka na kuchora picha ya kofia. Huenda ni nyeupe, kahawia, waridi au nyeusi. Rangi hiyo ni kama kipande cha kitambulisho. Ikunje karatasi, uitie nambari ile ile.

Tatu, kausha. Pasua uyoga mnene vipande viwili, uuweke juu ya wavu wa waya, mbali kidogo juu ya jiko lenye moto mdogo. Joto liwe la kupasha mkono, si la kupika. Uyoga uliopikwa haufai kitu kwa mtaalamu. Jiko la makaa liweke mahali penye hewa, wala usilale nalo katika nyumba iliyofungwa, maana moshi wake usioonekana huua watu. Uyoga ukivunjika kama biskuti, umekauka. Ukipinda, bado.

Nne, tia ndani ya bahasha ya karatasi iliyokunjwa, kisha ndani ya debe lenye kifuniko pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Unyevu na wadudu ndio wezi wa hazina hii. Liweke debe mbali na chakula na watoto.

DAFTARI

Sasa tumefika kwenye moyo wa kazi. Uyoga mkavu bila maandishi ni uchafu. Nunua daftari gumu, na kila namna uipe nambari moja tu, isirudiwe kamwe. Nambari hiyo iwe katika daftari, juu ya bahasha, ndani ya bahasha, na juu ya alama ya vumbi. Andika namna hii:

"Nambari 7. Tarehe 12 Mei 2025. Msitu wa Kaptagat, kando ya barabara, hatua mia mbili hivi kutoka mto. Mti: Pinus patula, miti mikubwa. Unaota ardhini katika sindano, mingi pamoja. Kofia ya kahawia na manjano, upana sentimita 7, inanata. Chini vitundu vidogo vya manjano. Mguu hauna pete. Ukikatwa haubadiliki rangi. Alama ya vumbi: kahawia. Jina: bado. Mchumaji:" na hapo utie jina lako.

Umeona neno "bado"? Usione haya kuliandika. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu anayekuja nyuma yako ataliamini. Mtaalamu akisoma maneno hayo atafikiri mara moja juu ya Suillus granulatus, mmoja wa wale rafiki wa misonobari. Lakini atataka kukiona kielelezo chenyewe kwa darubini kabla ya kutia sahihi.

Waweza kupiga picha kwa simu pia, nayo husaidia sana kwa rangi. Lakini picha haina mbegu za kutazamwa kwa darubini. Picha ni shahidi wa pili, bahasha ni wa kwanza.

USIULE

Sasa lile swali la chakula. Tunasema wazi: kuuandika uyoga si kibali cha kuula.

Akina mama na wazee wetu wanaujua vizuri uyoga wa kichuguu, ulioota hapa tangu zamani. Lakini uyoga wa misonobari ni mgeni, na ujuzi wa bibi haukuuzoea. Uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, umesafiri pamoja na misonobari hadi nchi nyingi, nao una sumu ya kuvuruga akili. Ndugu yake Amanita phalloides, wa rangi ya kijani hafifu, umefika Afrika Kusini pamoja na miti ya kigeni, nao ndio uuao watu wengi zaidi duniani. Ubaya wake ni kwamba mtu hula akalala vizuri. Tumbo huanza kuuma baada ya saa sita au zaidi, mara nyingi siku ya pili yake. Kisha hupata nafuu akadhani amepona, kumbe ini linakufa.

Usiamini majaribio ya mtaani. Eti kijiko cha fedha hubadilika rangi, eti kitunguu hugeuka, eti ukiliwa na konokono u salama, eti kuchemsha huondoa sumu. Yote hayo yamezika watu. Mtu akila uyoga usiojulikana, mpelekeni hospitali upesi hata kama hajaugua, na mchukue mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, pamoja naye. Hapo kielelezo huweza kumwokoa mtu. Mkiisha kuchuma, nawe na watoto wako mnawe mikono.

WAPI PA KUPELEKA

Kwa ugonjwa wa miti, anza na ofisi ya misitu iliyo karibu nawe, au mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba. Utafiti wa magonjwa ya miti una makao yake Muguga, katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986. Vielelezo vya mimea na kuvu huhifadhiwa Nairobi, katika Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Hebaria hiyo ilianzia Amani, Tanganyika, ikahamia Nairobi mwaka 1950. Uliza kwanza kabla ya kupeleka, na peleka vichache vilivyoandikwa vizuri. Bahasha tano zenye habari kamili zina faida kuliko gunia lisilo na maandishi.

Yafaa pia skimu nzima ifanye kazi hii pamoja. Shule iwe na daftari moja na debe moja. Watoto wana macho makali, na walimu wanajua kuandika kwa mpango. Mwaka wa kwanza mtapata majina machache. Mwaka wa tatu mtaanza kujua mambo ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuyajua: uyoga gani hutangulia mvua ipi, kisiki gani kina Armillaria, ua upi wa saipresi ulianza kutoa utomvu na mwezi gani. Siku miti ya jirani itakapoanza kukauka, hamtaanza kuulizana, "Hivi ilianza lini?" Mtafungua daftari.

Mvua ijayo, basi, usiingie msituni mikono mitupu. Chukua kikapu, na usisahau penseli.